Kahawa Inanukiaje?

Mama anayepaa samaki Soko la Feri, Dar es Salaam, hamalizi kazi kwa kunawa sabuni. Hukata limau, akalisugua viganjani na katikati ya vidole, kisha akanusa mikono. Akikunja uso na kusema, "Bado shombo," hakuna wa kumuuliza ana maana gani.

Mama huyohuyo akipewa kikombe cha kahawa ya kijiweni, akaombwa aeleze harufu yake bila kutaja kahawa, atakwama. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein aliliona fumbo hilo na kuliuliza katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake: kwa nini harufu ya kahawa haielezeki? Ni maneno yaliyopungua?

Wataalamu wengi walidhani kasoro iko puani, kwamba binadamu hakuumbwa kuzitaja harufu. Mwaka 2014 watafiti wa lugha Asifa Majid na Niclas Burenhult waliwapa jibu kutoka kwa Wajahai, wawindaji wa misitu ya Rasi ya Malay. Lugha yao ina maneno kama kumi na mawili ya harufu tupu, yasiyoazimwa kwenye jina la kitu. Moja hufaa kwa petroli, moshi na mavi ya popo. Jingine ni la harufu ya damu, ile inayomvuta simbamarara. Wasemaji wa Kiingereza waliponusishwa mdalasini walizunguka mbuyu. Wajahai walitaja harufu kwa wepesi wa mtu anayetaja rangi.

Je, ni pua za msituni? Mwaka 2018 Majid na Nicole Kruspe walilinganisha majirani wawili wa Malaysia wenye lugha za ukoo mmoja: Wasemaq Beri, wawindaji, na Wasemelai, wakulima. Wawindaji hawakupata taabu. Wakulima walibabaika, ingawa msitu ni uleule.

Kiswahili nacho hakikosi utajiri wake. Irabu moja tu hutenga jalala na asumini: jalala linanuka, asumini inanukia. Tuna shombo, tuna kikwapa, tuna uvundo. Lakini hebu yatazamwe maneno hayo: yote ni ya kukimbiwa! Harufu nzuri tunaitaja kwa jina la mwenyewe; nguo inanukia udi, pilau inanukia iliki. Pwani, ambako nguo hufukizwa na vitanda vya maharusi hutandazwa maua, pengo hilo linashangaza kweli.

Hata kitenzi cha pua mara nyingi tunakiazima sikioni, maana harufu kwetu "husikika". Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliipa jina la kitaalamu harufu ya ardhi kavu inayolowa. Mkulima wa Dodoma hana haja ya jina hilo: matone ya kwanza yakigonga vumbi, husimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu na kuwaambia wa ndani, "Nasikia harufu ya mvua." Nao hutoka mbio kuanua nguo.