Upatanisho wa Kisarufi na Utunzaji wa Msimbo: Suala la Wakati katika Mifumo ya Jamii ya Unix

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba nomino ndiyo inayotawala sentensi. Ngeli ya nomino ikibadilika, hapana budi kivumishi, kiwakilishi na kitenzi vibadilike pia. Kanuni ya namna hii haikomei katika lugha za binadamu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi inavyojitokeza katika kazi isiyojulikana sana nje ya fani yake, nayo ni kutunza na kurekebisha msimbo wa tabaka la chini katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix. Mfano utakaochunguzwa ni mmoja tu, yaani namna mifumo hiyo inavyohifadhi wakati.

Msimbo wa tabaka la chini ni ile sehemu ya mfumo iliyo karibu kabisa na mashine: kiini kinachogawa kumbukumbu na kuendesha diski, pamoja na maktaba za msingi ambazo programu nyingine huzitegemea. Mtumiaji wa tarakilishi haioni sehemu hiyo, lakini kosa lililomo humo huenea kila mahali.

Asili ya tatizo

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C. Katika toleo la kwanza, la 1971, wakati ulihesabiwa kwa sehemu ya sitini ya sekunde, katika nafasi ya biti 32. Nafasi hiyo hujaa kwa siku 828 na ushei. Baadaye hesabu ilibadilishwa ikawa ya sekunde nzima tangu mwanzo wa mwaka 1970. Aina ya namba inayobeba hesabu hiyo huitwa time_t.

Kwa kuwa biti moja kati ya hizo 32 huonyesha kama namba ni chanya au hasi, hesabu haiwezi kupita 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haikurekebishwa itageuza hesabu kuwa hasi na kudhani kwamba ni Desemba 1901. Hapo kazi iliyopangwa kufanyika kesho yake itangoja zaidi ya karne nzima.

Upatanisho na kuvunjika kwake

Dawa yaonekana nyepesi: time_t ipewe biti 64, ambazo zatosha kwa miaka bilioni 292. Mahali aina hiyo inapofafanuliwa, badiliko lenyewe ni la mstari mmoja. Ugumu uko katika kila kinachoitegemea.

Kwanza kuna uchapishaji. Amri ya C ya kuchapisha hupewa kiolezo kinachotaja aina ya kila namba itakayofuata. Kiolezo kikitaja biti 32, nayo namba ikawa na 64, katika mashine nyingi za biti 32 amri itachukua nusu ya namba, kisha itasoma nusu iliyobaki kana kwamba ni kitu kinachofuata. Ni sawa na kusema "kitabu umeanguka". Hata hivyo ipo tofauti kubwa. Masikio ya Mswahili hulikataa kosa hilo papo hapo, ilhali mashine huenda ikaendelea kimya na kutoa jibu lisilo sahihi. Kompaila huweza kuonya, lakini si katika kila hali.

Pili kuna maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa. Faili za kumbukumbu za watumiaji walioingia katika mfumo, na baadhi ya miundo ya zamani ya diski, ziliandika wakati kwa biti 32. Msimbo mpya hauwezi kuzisoma kwa kipimo kipya bila kuzipotosha.

Tatu kuna mapatano baina ya kiini na programu. Programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine hutarajia kila kipande cha habari mahali pake. Kiini kikipanua kipande kimoja, vyote vinavyofuata husogea.

Njia tatu za mageuzi

Wasimamizi wa mifumo hii hawakuafikiana juu ya njia. NetBSD, katika toleo 6.0 la mwaka 2012, ilileta miito mipya ya kiini yenye biti 64 na kuihifadhi ile ya zamani kando yake, ili programu kongwe zisife. OpenBSD, iliyoasisiwa na Theo de Raadt mwaka 1995, ilifuata njia kali zaidi. Msimbo ulipitiwa, na pale wakati unapochapishwa namba ikageuzwa waziwazi kuwa ya biti 64, jambo lililo sahihi chini ya kipimo cha kale na kipya. Kisha badiliko likafanywa kwa mkupuo, na katika toleo 5.5 la mwaka 2014 programu zilizotafsiriwa kwa kipimo cha zamani zikaachwa. Linux, ambayo desturi yake ni kutovunja programu za watumiaji, ilikwenda polepole: kiini kikawa tayari kwa mashine za biti 32 katika toleo 5.6 la mwaka 2020, na maktaba ya C ya GNU ikafuata mwaka 2021.

Tofauti hizi hazitokani na ustadi wa mafundi peke yake. OpenBSD huweka kiini na programu za msingi katika hazina moja, chini ya mikono ileile. Basi yaweza kusahihisha sentensi nzima kwa pamoja. Kiini cha Linux hutumiwa na watu wengi wasiofahamiana, hivyo hakiwezi kuwaamuru wote wabadilike siku moja. Mtaalamu wa usanifishaji wa lugha ataitambua hali hiyo mara moja.

Hitimisho

Kazi haijakwisha. Debian 13, iliyotolewa mwaka 2025, ilihamia biti 64 katika mashine zake zote isipokuwa jamii kongwe ya i386, ambayo ilibakizwa katika kipimo cha kale kwa ajili ya programu zilizopo, ambazo nyingine hazina tena msimbo asilia wa kurekebishwa. Kwa programu hizo, sentensi imebaki lakini aliyeitunga hayupo, wala hakuna muswada. Ndiyo sababu msimbo wa tabaka la chini hautunzwi kwa kuandika mapya tu, bali kwa kuhifadhi matini asilia na kuyasoma tena na tena, kiambishi kwa kiambishi, kabla kikomo hakijafika.