Saumu ya Sunna Katika Nyika ya Taru

Kutoka Voi mpaka Mombasa ni kama kilomita 155, na mwenye ramani atakwambia kwamba njia yote ni mteremko. Voi imeinuka zaidi ya mita 500 juu ya bahari, nasi wa Mvita maji tunayo miguuni. Lakini ramani hiyo, msomaji wangu, haina habari za Kusi.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, tumetoka Kisumu kwa baiskeli, na hiyo ilikuwa siku yetu ya nane na ya mwisho. Tulikwisha kupanda Kericho kwa baridi, tukalikata Bonde la Ufa, tukapita Nairobi na vumbi la Emali. Sharti letu lilikuwa moja tu tangu Kisumu: hakuna aachwaye nyuma. Mwenda pole ndiye atakayeshika kipimo cha mwendo wa wote. Ni sharti zuri sana, madhali mwenda pole si wewe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mimi nina mazoea ya kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na ile Jumatatu tuliyotoka Nairobi nilikuwa nimeiacha. Basi usiku wa Voi nikala daku, wali wa jana na chai, nikatia nia. Kiongozi wetu, mwalimu wa chuoni aliyekwisha kupumzika kazi, aliniona.

"Mwanangu, msafiri amepewa ruhusa ya kula hata Ramadhani, sembuse sunna?"

"Maalim, nguvu ninazo," nikamjibu, na wenzangu wanasikia.

Hakusema zaidi. Laiti angenigombeza!

Tulianza saa kumi na mbili kasorobo, baada ya Alfajiri. Ulikuwa mwezi wa Julai. Hata hatujafika Maungu upepo ukatupokea usoni, maana barabara ile yaelekea kusini-mashariki na Kusi yatoka huko huko. Unanyonga pedeli kwenye mteremko kama unayepanda mlima. Malori ya makontena yanapokupita hukuvuta kwanza, kisha yakakutupa kando. Tulipata pancha mbili, na kila moja ilitaka gundi, kiraka na subira.

Mackinnon Road tuliingia saa tano u nusu. Nani katika sisi apitaye hapo asisimame? Ule msikiti kando ya reli, penye kaburi la Seyyid Baghali, ni wa kila msafiri. Inasimuliwa kwamba alikuwa katika wafanya kazi waliojenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na kwamba karai la zege alilochukuzwa halikumgusa kichwa, lilielea juu yake. Mimi si mtu wa kuhojiana na karama. Nilichokiona ni maji baridi ya udhu, na jinsi nilivyosukutua kinywa mara tatu kwa uangalifu wa mtu ahesabuye fedha za mwenzake. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa jamu na kasri, jamaa yetu wenyewe, maana ukimfuata imamu mkaazi itakubidi utimize nne.

Wenzangu wakala mkate na ndizi. Maalim akanitazama mara moja. Nikajifanya natazama tairi.

Baada ya hapo ndiyo Taru. Misafara ya wazee wetu iliyokuwa ikienda bara kutafuta pembe iliiogopa nyika hii kwa ukosefu wa maji. Walitegemea mvua iliyotuama katika mashimo ya mawe, na mashimo yakikauka, basi. Jambo lililonichoma ni kwamba maji yenyewe hayako mbali siku hizi. Bomba litokalo chemchemi za Mzima, linaloleta maji Mombasa tangu miaka ya 1950, linafuata upande huo huo. Nilikuwa nikiwaza maji ya mfereji wa nyumbani kwetu yakinipita chini ya mchanga, yananitangulia kufika.

Kilomita thelathini za kufika Samburu zilitupotezea saa tatu. Wenzangu kumi walikuwa wakienda, wakisimama, wakiningoja juani, hakuna aliyeguna. Mara mbili nilishuka nikashika usukani kama mgonjwa ashikaye kitanda. Saa kumi, Samburu, Maalim akaleta chupa ya maji, akaiweka mbele yangu, akaenda zake. Nikasema bismillahi, nikanywa.

Lakini saa zilikwisha kupotea. Magharibi ilitukuta Mariakani, tukaisali hapo. Tulikuwa na tochi mbili tu, moja mbele, moja nyuma, kwa kuwa mpango wetu ulikuwa kuingia mjini mchana. Kabla ya Mazeras lori likatupita kwa karibu mno. Kijana wetu mdogo kuliko wote, mwanagenzi wa useremala, akatupwa mtaroni. Alhamdulillahi, alichubuka goti tu. Ila gurudumu la mbele lilipinda, halizunguki tena.

Tukasimamisha matatu. Baiskeli ikafungwa juu, naye akaingia ndani. Hakulia, lakini aliinamisha uso. Alikuwa ameendesha kutoka Kisumu bila kusukumwa hata mlima mmoja, na mama yake alikuwa akimngoja Makupa amwone akiingia juu ya baiskeli. Mimi niliyesababisha giza lile nilikuwa juu ya yangu, mzima.

Tulimwambia ashuke Changamwe atungoje. Tulipofika karibu saa mbili u nusu alikuwa ameketi ukingoni, gurudumu bovu magotini.

Nikashuka. "Chukua hii," nikamwambia.

"Na wewe, kaka?"

"Nitakuja."

Akamtazama Maalim, Maalim akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka wote, kengele zinalia, kijana mbele karibu na tochi. Nikaiinua baiskeli yake begani nikaanza kutembea. Baada ya hatua chache nikasikia cheni ikitatarika nyuma yangu. Maalim alikuwa ameshuka, anaikokota yake.

"Jumatatu unafunga?" akaniuliza.

"Inshallah, Maalim. Nikiwa nyumbani."

Akacheka, akashika upande wa pili wa ile baiskeli.