Modemu imekufa, au haijaeleweka?

Miaka ya 1990, mkazi wa Tononoka aliyetaka intaneti nyumbani alihitaji laini ya simu ya mezani na modemu, kifaa kinachogeuza hesabu za kompyuta kuwa sauti ipitayo kwenye waya. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, modemu nyingi zilikuwa njiani kuelekea kabatini.

Zile zilizotupwa kwa sababu zilikataa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huenda hazikuwa na kosa. Modemu nyingi za bei nafuu, za kuchomekwa ndani ya kompyuta, zilitegemea programu ya Windows kufanya kazi. Bila programu hiyo zilikuwa bubu. Modemu ya nje, ya kuunganishwa kwenye tundu la siriali, hujitegemea.

Je, mzazi, unayo moja? Mwachie mwanafunzi wako aijaribu, hata bila laini ya simu. Aiunganishe, aiwashe, afungue programu ya minicom na kuchagua /dev/ttyS0. Aandike AT, kisha abonyeze Enter. Ikijibu OK, ni nzima. Ikinyamaza, ajaribu ttyS1, tena ahakikishe ana ruhusa ya kutumia tundu hilo.

Faida ni hii: kijana atajifunza kupima kabla ya kutupa, nawe utaokoa pesa za fundi. Usiache mbachao kwa msala upitao.