Kabla ya kubadili mfumo wa kompyuta, acha njia ya kurudi

MKULIMA wa Karatu anayejaribu mbegu mpya ya mahindi hatupi ile ya zamani msimu huo huo. Hutenga ekari moja ya majaribio, shamba lililobaki analiacha kama lilivyokuwa mpaka aone. Cha ajabu, mkulima huyo huyo akinunua kompyuta ya kuwekea hesabu zake hubadili kila kitu kwa siku moja bila kuacha akiba yoyote.

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokosea. Nyumbani kwangu nina kompyuta mbili chakavu nilizoziunganisha, moja ikiwa seva. Humo naweka bei za vitunguu vya Mang'ola za kila wiki, pamoja na daftari la kikundi cha wakulima wanaokopeshana pembejeo: nani amechukua mbolea, nani dawa, nani mafuta ya pampu ya maji. Deni hukatwa vitunguu vinapouzwa. Daftari hilo likipotea, hasara si fedha tu, kwani majirani huanza kutiliana shaka.

Wiki mbili kabla ya mavuno niliamua kubadili mfumo endeshi na programu ya hesabu kwa mpigo. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Kompyuta ilipowaka tena, daftari halikufunguka. Nakala rudufu nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ndani ya diski ile ile iliyoharibika. Iliyosalimika ilikuwa kwenye flashi, ya miezi miwili nyuma. Deni la miezi hiyo nililikusanya kwa kupita nyumba kwa nyumba nikiwa na stakabadhi za duka la pembejeo. Wanachama wawili hadi leo hawajakubaliana kuhusu mifuko mitatu ya mbolea.

Wakubwa nao yamewakuta. Juni 27, 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake yanajulikana sana katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, ilivamiwa na kirusi cha kompyuta kilichoitwa NotPetya. Kirusi hicho kilianza kuenea kupitia masasisho ya programu ya hesabu na kodi iliyotumika nchini Ukraine. Seva zipatazo 150 zilizohifadhi orodha ya watumiaji wote wa mtandao wa kampuni zilikuwa zimepangwa zinakiliane zenyewe kwa zenyewe. Hakuna aliyewaza kwamba zingeweza kufutika zote siku moja.

Moja ilipona, nayo ilikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika katika ofisi hiyo kabla kirusi hakijafika, hivyo seva haikuwa kwenye mtandao. Intaneti ya hapo ilikuwa ya polepole mno kutuma nakala hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza. Ikabidi mmoja wao apande ndege hadi Nigeria kukabidhi diski kwa mwenzake uwanjani, ambaye aliifikisha London. Kwa siku kumi kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Sisi tunaolalamikia mgao wa umeme tuna la kutafakari hapo!

Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa mbali na nyingine, tena imezimwa. Kwa mfanyabiashara mdogo hilo si ghali: flashi hugharimu chini ya mfuko mmoja wa mbolea. Siku hizi, kabla ya kugusa chochote, natoa nakala mbili. Moja hubaki kabatini. Nyingine huchukuliwa na mwenzangu anayepeleka mboga kwenye hoteli za Ngorongoro kila wiki. Huiacha kwa nduguye ng'ambo ya lango la Lodoare na kunirudishia ya wiki iliyotangulia. Zote zimefungwa kwa nywila, maana madeni ya watu si habari za kijiweni, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Lakini kazi ambayo wengi huiruka ni kujaribu kurudisha. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni sawa na mbegu ambayo hujaiotesha; huwezi kujua kama ni hai. Mimi huifungua kwenye kompyuta ya pili na kulinganisha jumla ya madeni na ile iliyoandikwa kwenye daftari la karatasi. Hapo ndipo nabadili kitu kimoja tu, naandika tarehe na nilichobadili, kisha nasubiri siku kadhaa.

Mwezi uliopita niliijaribu tena ile programu mpya ya hesabu. Ilichanganya tarehe za malipo. Nilirudisha ya zamani kutoka kwenye flashi ya kabatini kwa muda usiofika saa moja, na jioni hiyo kikundi kilifanya mahesabu yake kama kawaida. Mfumo endeshi sijaugusa. Nasubiri vitunguu viuzwe kwanza.