Sauti zipo Butembo, mwalimu yuko wapi?

Serge Kakudji ni mwimbaji wa opera, Mkongomani aliyekulia Lubumbashi. Sauti yake huitwa kontratenori, yaani ni mwanaume mzima anayeimba juu kabisa, kule tulikozoea kumsikia mwanamke. Hakuna muujiza wa maumbile hapo. Nyuzi za sauti za mwanaume yeyote zikitetemeka kwenye kingo tu, badala ya unene wake wote, hutoa sauti nyembamba ya juu, na vijana wa korali huitumia kila wanapomwigiza soprano kwa mzaha. Kontratenori ameichukua sauti hiyo hiyo akaifanyia kazi miaka mingi, mpaka ikapata nguvu na rangi ya kujaza ukumbi. Mwaka 2006 Kakudji, akiwa bado kijana, aliimba katika Dinozord, kazi ya jukwaani ya Faustin Linyekula wa Kisangani. Mwaka 2008 akaimba katika Pitié!, ambayo mbunifu wa dansi Alain Platel na mtunzi wa muziki Fabrizio Cassol waliijenga juu ya Mateso ya Bwana wetu ya Johann Sebastian Bach, na mwaka 2014 ikaja Coup Fatal, aliyoifanya na wanamuziki wa Kinshasa. Nayataja haya kwa sababu nadhani tunayasoma vibaya. Tunaona kipaji cha pekee kilichobahatika kufika Ulaya, na kumbe alianzia kwenye korali, pale pale wanapoanzia maelfu ya vijana wa Butembo na Beni, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Kwao njia hiyo hukatika mapema kwa sababu hakuna mwalimu wa sauti anayekaa nao.

Tuanze na kile ambacho mwalimu huyo hufundisha, maana wengi hudhani opera ni kupiga kelele kwa Kiitaliano. Okestra nzima ikipiga, nguvu zake nyingi hukusanyika karibu na hezi 500, na hapo hakuna koo linaloweza kushindana nayo. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza jinsi waimbaji wanavyolikwepa shindano hilo. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanaume, hupanga nafasi iliyo juu tu ya nyuzi za sauti ili sehemu kubwa ya nguvu yake itokee karibu na hezi 3,000. Huko juu okestra imeshapungua, na sikio la binadamu ni kali. Ndiyo maana mtu mmoja asiye na maikrofoni husikika mpaka viti vya nyuma mbele ya ala sitini. Jambo hili lina maana kubwa katika mji kama Butembo, ulioishi kwa jenereta miaka mingi. Mashine ikizimika katikati ya wimbo, korali isiyofunzwa hukaza shingo na kusukuma koo. Nyuzi za sauti zinazogonganishwa hivyo kila Jumapili huota vinundu, sauti ikaanza kukwaruza, na soprano aliyekuwa fahari ya parokia akahamia safu ya nyuma kimyakimya kabla hajafika miaka thelathini. Mwalimu angemfundisha kubeba sauti kwa pumzi, mbavu zikibaki wazi na taya likilegea, na angeimba hadi uzeeni.

Kuna hazina nyingine ambayo watu wetu wenyewe hawaihesabu, nayo ni Kinande, lugha ya Wanande wa Butembo na Lubero. Kiswahili kina irabu tano tu. Kinande kina saba za msingi, na nyingine hujitokeza kinywani kwa sababu irabu za neno moja huvutana na kufanana. Wanaisimu wameichunguza tabia hiyo kwa miongo kadhaa. Kiitaliano, lugha mama ya opera, nacho hutofautisha irabu saba katika silabi yenye mkazo, zikiwemo e mbili na o mbili, moja ya wazi na moja ya kufumba, tofauti ambayo wanafunzi wengi wa kuimba huhangaika nayo. Mtoto wa Lubero au Butembo amezizoea sauti za aina hiyo tangu alipoanza kusema. Isitoshe, Kinande ni lugha ya toni, kwa hiyo sikio lake hupima kupanda na kushuka kwa sauti hata anaponunua mihogo sokoni. Sisemi kwamba kila Mnande ni mwimbaji. Nasema kwamba mwalimu angekuta kazi ya masikio na kinywa imeshaanza.

Wapo watakaosema kwamba bila jumba la opera hakuna mwimbaji wa opera. Historia ya Ureno inawajibu. Lisbon ilifungua jumba la fahari kando ya mto Tejo mwaka 1755, na tarehe 1 Novemba mwaka huo huo tetemeko la ardhi likaliangusha. Luísa Todi alikuwa mtoto wa miaka miwili huko Setúbal. Alianza jukwaani kama mwigizaji wa kawaida, akaolewa na mpiga fidla kutoka Napoli, akafundishwa na David Perez, mtunzi wa ikulu, na kutoka hapo akaimba London, Paris, Berlin na mbele ya malkia Katerina wa Urusi. Jumba jipya la Lisbon, São Carlos, lilifunguliwa mwaka 1793, Todi akiwa na miaka arobaini na jina lake limeshaenea Ulaya. Kuta alizikosa, lakini Perez hakumkosa. Kwetu Kinshasa, Okestra ya Kimbanguiste iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilianza na ala chache zilizopokezanwa mikononi, na kwaya yake ikafika kuimba Simfonia ya 9 ya Beethoven kwa Kijerumani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huu ni muziki wa wakoloni, tutauhangaikiaje nasi tuna wetu? Nalielewa. Kwa miongo mingi kanisa lilitufanya tuimbe kama watu wengine, na liturujia ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikubaliwa rasmi na Roma mwaka 1988 tu. Ila ufundi wa kubeba sauti haumlazimishi mtu kuimba Händel. Katika Coup Fatal, nyimbo za Ulaya ya kale zilipigiwa likembe na gitaa za Kinshasa, na hakuna upande uliopoteza heshima yake. Aliyefunzwa pumzi ataimba wimbo wa Kinande vizuri zaidi pia.

La tatu linaumiza. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa vijijini kuzunguka Beni. Ebola ya 2018 hadi 2020 ikaua zaidi ya 2,200. Tangu Mei 2021 tunaishi chini ya hali ya dharura. Nani ana haki ya kuzungumzia opera hapa? Muziki hauzuii panga, na anayedai hivyo anawakosea waliofiwa. Lakini korali hazikunyamaza. Zinazika, zinaozesha, zinasali. Maadamu watu wanaimba tayari, ni haki yao kufundishwa. Pazia la Coup Fatal lilitengenezwa na mchongaji Freddy Tsimba kwa maganda ya risasi, na Kakudji alisimama mbele yake akaimba. Sijui hoja iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Wataondoka wakishafunzwa? Baadhi, ndiyo, kama wanavyoondoka madaktari, na bado tunafundisha udaktari.

Jimbo Katoliki la Butembo-Beni lina majengo, ratiba na nidhamu ya mazoezi ambayo hakuna taasisi nyingine hapa iliyo nayo. Mwalimu mmoja anayelipwa mshahara angeweza kugawa wiki yake kati ya miji hii miwili, usalama wa barabara ukiruhusu, na mazoezi yakafanyika mchana ili wanafunzi wawe nyumbani kabla ya giza. Ningemwomba aanze na wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Huo ndio umri ambao sauti hubadilika, na ndipo viongozi wengi wa korali huwaambia wakae pembeni au huwasukuma kwenye besi kabla koo halijatulia. Wengi hawarudi tena.