Manyoya ya Kipanga Ndani ya Msahafu

Ndugu msomaji, jambo tutakalolieleza hapa ni dogo kwa umbo, lakini limebeba hukumu mbili nzito: ya sharia yetu na ya serikali. Limetukuta hapa kwetu Kigwa, katika ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Tura na Rubuga, hata ikafika Tabora.

Asubuhi moja tuliufungua msahafu wa mwanafunzi wetu ili tumsikilize, tukakuta baina ya kurasa unyoya mrefu wa kahawia wenye mistari. Alisema kuwa yeye na wenzake walimwokota kipanga aliyekufa njiani, wakagawana manyoya na kucha. Hawakukusudia ubaya, walipenda uzuri wake tu. Nasi hatuna budi kukiri kwamba utotoni tulifanya vivyo hivyo, wala hakutokea wa kutuonya.

Jioni yake akatujia mzazi wa mmoja wao. Anaye jamaa yake huko Ghuba afugaye ndege wa kuwindia, naye amemwagizia manyoya kwa malipo mazuri. Akauliza: “Mwalimu, kitu kilichookotwa chini, hakikuibwa wala hakikuuliwa, si riziki ya halali hiyo?”

Tuanze na sharia. Kuwinda kwa ndege aliyefundishwa ni jambo lililoruhusiwa. Asili yake imo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inayohalalisha mawindo ya wanyama waliofundishwa, litajwe jina la Mwenyezi Mungu. Lakini mawindo ni kitu kimoja, na mwindaji ni kitu kingine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kula ndege wenye kucha za kunasia, na kipanga, kozi na tai ni katika hao.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku, ndege huyu akiwa hai mwili wake ni twahara, na aweza kukaa mkononi mwa bwana wake. Akifa ni nyamafu, na mzoga wake pamoja na manyoya na kucha ni najisi. Hata unyoya uliomdondoka akiwa hai hukumu yake ni hiyo, kwa kuwa yeye si wa kuliwa. Si sawa na kuku au kanga: hao wakichinjwa, manyoya yao ni twahara. Ama unyoya ulioukuta usijue ni wa ndege gani, asili yake ni twahara, wala usijitie wasiwasi.

Madhehebu mengine yana kauli zao. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa husema manyoya ya nyamafu ni twahara, kwa kuwa hayana uhai ndani yake. Basi tusimlaumu ndugu afuataye kauli hiyo. Lakini kwetu sisi, kuweka unyoya wa kipanga ndani ya msahafu hakufai kabisa, wala haifai kusali nao mfukoni. Aliyeugusa kwa mkono mkavu, nao mkavu, najisi haikumhamia. Ukiwapo umajimaji, na aoshe mahali palipoguswa.

Sasa tuje kwa serikali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inahesabu kuwa nyara si pembe za ndovu na ngozi za chui tu. Mfupa, ukucha, yai na unyoya wa mnyama wa porini vimo pia. Aliyeviokota anatakiwa kutoa habari upesi katika kituo cha polisi au kwa afisa wa wanyamapori, na kuvikabidhi. Kukaa navyo bila kibali ni kosa, na kwa nyara nyingine, kwa kadiri ya aina na thamani yake, kifungo hufika miaka 20 na zaidi. Neno “niliokota” halimwokoi mtu.

Na kuvipeleka ng'ambo ni mlango mwingine. Tanzania iliingia mwaka 1979 katika mkataba wa mataifa wa biashara ya viumbe wa porini, uitwao CITES. Umoja wa Falme za Kiarabu uliingia mwaka 1990, na Oman mwaka 2008. Mkataba huo unawalinda ndege wawindaji pamoja na sehemu za miili yao. Wafugaji wa huko wana haja ya kweli: unyoya wa bawa la ndege wao ukivunjika, huunga mwingine mahali pake. Lakini wao hutunza yale yanayodondoka kwa ndege wao wenyewe. Haja yao haihalalishi kufunga furushi kwa siri hapa Kigwa.

Basi tulimjibu mzazi yule kwamba riziki ni ile ambayo mtu aweza kuitaja mbele ya watu. Iliyowekwa na serikali katika ulinzi wake ni amana, na mwenye kuiuza ameuza kisicho chake. Alinyamaza kitambo, kwani fedha ile alikwisha ipangia ada ya mwanawe. Kisha akasema atamwandikia jamaa yake kukataa. Twajua halikuwa jepesi kwake. Twamwomba Mola amfungulie mlango mwingine.

Watoto walikusanya walivyogawana, navyo vikapelekwa kwa mtendaji wa kijiji ili avifikishe kwa afisa wa wanyamapori. Hakupigwa mtoto hata mmoja, kwani aliyekuwa hakufundishwa haadhibiwi.

Wazazi, waambieni wana wenu leo: ndege aliyekufa asiguswe kwa mkono mtupu, maana huenda amekufa kwa sumu au maradhi, na alama ya msahafu iwe kipande cha karatasi safi.

Wallahu aalam.