Msafara wa nduthi wa hisani: hela ya tenki na hela ya mchango zisikae mfuko mmoja

Ukiishi Fedha, si ajabu Jumamosi alfajiri, kabla magari hayajajaa Outering, kusikia pikipiki kubwa kubwa zikinguruma kuelekea Mombasa Road. Wengine wanaenda kuzurura tu, na hakuna ubaya. Wengine wamevaa fulana zinazofanana na wiki kadhaa kabla, ujumbe ulizunguka kwa grupu ya WhatsApp ya plot yenu: vijana wetu wanaendesha hadi Pwani kusaidia shule, tuma chochote kwa namba hii. Ukiangalia, namba yenyewe ni ya mtu mmoja.

Unataka kutuma 200. Lakini kuna swali linakuzuia, na ni swali la haki kabisa: hiyo 200 yangu itanunua tangi la maji, ama itanunua petroli?

Makala hii ni ya pande zote mbili: wewe unayechanga, na nyinyi mnaopanga msafara. Tumechagua safari za pikipiki kwa sababu zina kitu ambacho harambee ya kawaida haina. Safari yenyewe ni ghali, na gharama yake iko karibu sana na mchango.

Tupige hesabu

Chukua mfano. Pikipiki 20 zinatoka Fedha, zinapitia Cabanas hadi Mombasa Road, halafu Mlolongo, Emali, Mtito Andei, Voi, mpaka Mariakani, kisha zinakata kuingia Kinango, Kwale, kupeleka matangi ya maji kwa shule ya msingi. (Kwa wanaouliza: Expressway hairuhusu pikipiki, kwa hivyo ni barabara ya chini.) Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 1,000.

Pikipiki kubwa inayokula lita moja kwa kilomita 20 itahitaji lita 50. Tukikadiria petroli shilingi 180 kwa lita, hiyo ni 9,000 kwa kila mmoja. Bei kamili mtaipata kwa EPRA, ambayo hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Kwa pikipiki 20, mafuta peke yake ni 180,000. Ongeza kulala na kula, tuseme 2,500 kwa mtu, mnapata 50,000 nyingine. Jumla 230,000.

Sasa tuseme mtaa umechanga 300,000, na tangi moja kubwa pamoja na kulisafirisha na kulijengea msingi ni 100,000. Mchango huo unatosha matangi matatu. Lakini kama mafuta na malazi yanatoka kwa mfuko huohuo, zinabaki 70,000. Hata tangi moja halipatikani. Hakuna aliyeiba. Kila risiti iko. Na watoto wa Kinango bado wanabeba mitungi.

Ndiyo maana tunasema waendeshaji walipie safari yao wenyewe, kila mtu na tenki yake. Kwa mfano wetu ni 11,500 kwa mtu, ambazo mkianza kuweka wiki 16 mapema ni kama 720 kwa wiki. Mwenye pikipiki ndogo ya cc 150, inayoenda kilomita 40 kwa lita, atahitaji 7,000 pekee. Na mkipata mdhamini wa mafuta, sawa, bora aseme wazi kwamba pesa yake ni ya mafuta.

Kuna msomaji ameshafika mbele yetu na anauliza: si hao watu 20 wangetuma hizo 230,000 moja kwa moja, wakae nyumbani, na matangi mawili yapatikane bila kelele? Ni hoja nzuri, hatuwezi kuikimbia. Jibu ni kwamba safari huvuta watu ambao hawangechanga kabisa: mfanyakazi mwenzako, binamu aliye Doha, mama wa kibanda aliyekuona ukipita na bendera. Lakini kama mwishoni msafara umekusanya pesa kidogo kuliko ulivyotumia, hiyo ilikuwa likizo. Likizo ni nzuri. Iitwe likizo, basi.

Wengine wamefanyaje

Hapa Kenya mfano mkubwa ni Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989 kuchangia kazi ya Rhino Ark. Timu haiingii kwa sababu ina gari zuri tu; lazima ilete kiwango fulani cha michango kwanza. Pesa za mashindano hayo zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009.

Kwa pikipiki, kuna Distinguished Gentleman's Ride, iliyoanzishwa na Mark Hawwa mjini Sydney mwaka 2012. Watu huvaa suti na kuendesha pikipiki za kizamani mjini, siku moja, kuchangia utafiti wa saratani ya tezi dume na afya ya akili ya wanaume. Si safari ndefu. Tunaitaja kwa sababu ya jinsi pesa inavyotembea: kila mwendeshaji ana ukurasa wake wa mchango, jamaa zake wanamchangia kwa jina lake, lakini pesa haipiti mfukoni mwake. Mnaweza kufanya kitu kama hicho kwa Paybill, tutaeleza hapa chini.

Na kwa wanaodhani mchango mdogo haufiki mbali: Julai 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Kenyans for Kenya iliomba watu watume hata shilingi kumi kwa simu. Lengo lilikuwa milioni 500 kwa wiki nne, na likapitwa. Watu walituma kwa namba moja iliyotangazwa kila mahali, na walijua chakula kinapelekwa na Msalaba Mwekundu.

Kwa nini si namba ya mtu binafsi

Tunajua ni rahisi. Mweka hazina ni mtu mnayemwamini, amekuwa mtaani tangu utoto. Shida mara nyingi si tabia yake, ni laini yenyewe.

Ya kwanza ni Fuliza. Kama mweka hazina ana deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwa laini yake inakatwa kulipa deni hilo, yenyewe, bila kuuliza. Mchango wako wa 200 unaweza kulipa deni lake la sukari kabla hata hajasoma ujumbe. Atalazimika kurudisha kwa mfuko wake, na asipokumbuka ni nani alituma lini, hesabu imeharibika.

Ya pili ni kiwango. Laini ya kawaida ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mkifanikiwa sana, michango itaanza kukataliwa wikendi ileile ya safari, wakati watu wana moyo.

Ya tatu hatupendi kuisema lakini lazima: hii ni safari ya barabara. Mombasa Road ni ya malori, na kipande cha Tsavo kina hata ndovu. Simu inaweza kuanguka, mwenyewe anaweza kulazwa. Pesa iliyo kwa laini ya mtu mmoja inakwama naye. Kwa hivyo, hata mkitumia njia gani, mweka hazina asiwe kwa msafara. Abaki Fedha.

Paybill inatatua mengi ya haya, kwa sababu ina sehemu ya kuandika akaunti. Mpeni kila mwendeshaji neno lake: anayemchangia Otieno aandike OTIENO, anayechangia kwa jumla aandike MAJI. Kwa mafuta, tumieni njia nyingine kabisa, iwe ni akaunti ya chama ama namba tofauti, msiandike tu neno tofauti kwa Paybill hiyohiyo. Till ya Buy Goods haina sehemu hiyo ya akaunti, kwa hivyo inafaa zaidi kuuza fulana kuliko kupokea michango.

Ili kupata Paybill, kikundi kinahitaji kuwa kimesajiliwa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mnahitaji wanachama wasiopungua kumi, na msafara wa 20 tayari mnatosha. Andaeni cheti, PIN ya KRA, vitambulisho vya watia saini, na kumbukumbu za mkutano uliowachagua. Wekeni watia saini zaidi ya mmoja. Anzeni miezi kadhaa mapema, maana makaratasi hayajui tarehe ya safari yenu.

Kuna pia Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, inayohusu kuomba michango kwa umma na kibali chake. Kuchangisha wenyewe kwa wenyewe ndani ya kikundi ni jambo moja; kusimama Taj na ndoo na mabango ni lingine. Anzieni ofisi ya chifu, muulize mnahitaji nini, na mpate jibu kwa maandishi.

Na kama mnachangia bili ya mgonjwa, msijisumbue na Paybill yenu. Hospitali nyingi zina yao. Mchangiaji aweke namba ya mgonjwa kama akaunti, pesa iende moja kwa moja.

Wewe unayetuma

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama tangazo linasema ni kikundi na simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua, usione haya kuuliza. Mpangaji mzuri hakasiriki akiulizwa.

Chukua namba kutoka kwa tangazo la kwanza la kikundi, si kwa picha iliyotumwa mara kumi. Kubadilisha tarakimu moja kwa bango ni kazi ya dakika mbili, na matapeli hupenda michango inayojulikana mtaani kwa sababu watu hawaulizi. Ukipata ujumbe unaosema "umetumiwa kimakosa, rudisha", fungua salio lako mwenyewe kwanza. Ujumbe si pesa. Ukituma mahali si penyewe kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala huo kwa 456 haraka, kabla pesa haijatolewa. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa 333.

Uliza pia swali moja tu: mafuta yanalipwa na nani? Jibu likija kwa sentensi moja, tuma. Likija kwa aya tatu, subiri kidogo.

Mkiwa barabarani

Kila mmoja alipie mafuta yake kwa Till ya petroli stesheni, hivyo rekodi inabaki kwa simu. Wekeni pia kiasi kidogo cha pesa taslimu, kwa sababu mtandao ukikataa Mtito Andei tenki haitangoja. Msiingize PIN mkiwa mmezungukwa na watu wanaopiga picha pikipiki. Na ile simu iliyofungwa kwa usukani kuonyesha ramani, bora isiwe ndiyo yenye laini ya pesa.

Matangi yenyewe yalipwe kwa muuzaji moja kwa moja kutoka kwa Paybill ama benki ya kikundi, kabla hamjaondoka. Msibebe 300,000 kwa koti hadi Kinango. Tumesikia watu wakisema kukabidhi pesa taslimu mbele ya kamera kunapendeza zaidi. Kukabidhi tangi lililojaa maji kunapendeza zaidi ya hapo.

Mkirudi

Ndani ya wiki moja, wekeni hesabu kwa grupu ileile mlikoombea: zilizoingia, zilizolipwa, kwa nani, na picha ya tangi likiwa limesimama. Msitupe taarifa nzima ya Paybill kama ilivyo. Namba za simu za watu ni data yao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi. Jina la kwanza na tarakimu tatu za mwisho zinatosha mtu kujitambua kwa orodha.

Zikibaki, tuseme 14,000, msiamue kwa kamati kwamba ni za nyama choma ya kujipongeza. Waulizeni waliochanga: zipelekwe kwa mabomba ya shule hiyohiyo, ama zingoje safari ijayo? Wekeni swali hilo kwa grupu, wapeni siku tatu, halafu mchapishe waliyochagua pamoja na risiti yake.